Lenzi ya milimita 400 katika saa moja ya Bwindi: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinamhusu mpiga picha mwenye studio jijini Kampala, ambaye alikodi kamera na lenzi za daraja la juu kwa kazi mbili za wanyamapori, moja katika msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, na nyingine katika kinamasi cha Mabamba, na akataka kazi hizo hizo zimsaidie kuamua anunue nini. Nilishiriki kama msaidizi wa kiufundi. Niliandaa vifaa pamoja naye, nilikuwamo katika mtumbwi wa Mabamba, na baada ya kazi nilipitia faili zote pamoja na data ambazo kamera huandika ndani ya kila picha, yaani saa, urefu wa fokasi, uwazi wa lenzi, kasi ya shata na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga). Msituni sikuingia, kwa hiyo yaliyotokea huko nayaeleza kwa kufuata data hizo na maelezo yake mwenyewe.

Majina ya mpiga picha, mteja, kampuni iliyokodisha vifaa, hoteli na familia ya gorila yameondolewa, na tarehe pia. Majina ya vifaa nimeyaacha, kwa kuwa bila uzito na vipimo vyake kisa hakifundishi kitu.

## Usuli

Mpiga picha huyu, ambaye hapa nitamwita Mzee kama anavyoitwa na vijana wa studio yake, ana asili ya Arua na kwa miaka mingi amekula kwa harusi, sherehe za kwanjula (utambulisho kabla ya ndoa) na kazi za mashirika. Kifaa chake cha kila siku kilikuwa Nikon D750, kamera ya kioo (DSLR, ambayo kioo chake cha ndani huinuka kila unapopiga) ya mwaka 2014 yenye megapikseli 24, pamoja na lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye uwazi wa f/2.8 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Kwa kazi za ukumbini hakuwa na malalamiko.

Mambo yalibadilika kampuni moja ya utalii ilipomwomba picha za gorila wa milimani na za korongo domo-kiatu, yule ndege mkubwa wa mafunjo mwenye domo kama kiatu cha mbao. Picha zilikuwa za kijitabu cha matangazo, ila tatu au nne zingechapishwa kwa upana wa mita moja na kutundikwa ukutani katika ofisi ya mteja. Sharti hilo la upana ndilo lililoanzisha mjadala wote wa vifaa. Faili ya D750 ina pikseli 6,016 kwa upana. Ukichapisha kwa pikseli 200 kwa kila inchi unapata sentimita 76 hivi. Kamera ya megapikseli 45.7 kama Nikon Z8 hutoa pikseli 8,256, na kwa kipimo hicho hicho upana unafika sentimita 105. Picha kubwa ya ukutani inaweza kuchapishwa hata kwa pikseli chache zaidi kwa kila inchi, maana watu huitazama kwa mbali, lakini mteja alisema wazi kwamba wageni wake husogea karibu kutazama manyoya. Kwa hiyo hoja ya kubadili kamera ilikuwa na msingi tangu mwanzo, na hakuna aliyeipinga.

Kuhusu lenzi hatukuelewana.

## Maamuzi kabla ya safari

Mzee aliitaka Nikkor Z ya milimita 400 yenye uwazi wa f/2.8, ile yenye telekonveta (kioo cha kuongeza urefu wa lenzi) ya 1.4 iliyojengwa ndani, ambayo kwa kusukuma kitasa kimoja cha kidole inageuka kuwa milimita 560 kwa f/4. Ilipozinduliwa mwaka 2022 bei yake nchini Marekani ilikaribia dola 14,000, yaani zaidi ya mara tatu ya bei ya Z8, iliyotoka mwaka uliofuata kwa dola 4,000 hivi. Sababu yake haikuwa ya kujionyesha. Alikuwa amesikia kutoka kwa wenzake kwamba ndani ya Bwindi mwanga ni hafifu hata saa tano asubuhi, na kwamba kutumia taa ya kamera mbele ya gorila kumekatazwa. Akahitimisha kwamba anahitaji lenzi ndefu inayopokea mwanga mwingi kuliko nyingine zote, na kwa upande wa mwanga hesabu yake ilikuwa sahihi. Mahali ambapo f/2.8 inahitaji ISO 6400, lenzi ya f/6.3 inahitaji ISO 32000 hivi kwa kasi ile ile ya shata, kwa kuwa tofauti kati yao ni hatua mbili na theluthi, na kila hatua ni mwanga mara mbili au nusu.

Mimi nilipendekeza aanze na umbali. Kanuni za kuwatembelea gorila nchini Uganda zinataka wageni wakae angalau mita 10 kutoka kwa mnyama, na gorila mwenyewe, asiyejua kanuni, mara nyingi husogea karibu zaidi. Kwa mita 10, lenzi ya milimita 400 kwenye kihisi cha fremu kamili inaona eneo la sentimita 90 kwa 60 tu. Hapo unapata kichwa na mabega ya dume aliyeketi, basi. Lenzi ya milimita 200 inaona mita 1.8 kwa 1.2, na ile ya 70 inaona zaidi ya mita tano kwa upana.

Mzee aliisikiliza hesabu hiyo, akaandika pembeni, kisha akaamua kukodi vyote viwili: bodi mbili (yaani kamera bila lenzi) za Z8, moja kwa ajili ya 400 na nyingine kwa Nikkor Z ya 70 hadi 200 f/2.8. Lenzi ya tatu, Nikkor Z ya milimita 600 f/6.3 yenye kioo cha aina ya Fresnel, aliazimwa na mwenzake kwa ajili ya Mabamba. Kukodi vyote kulionekana kuwa njia ya kukwepa ubishi, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

## Jaribio la Entebbe

Kabla ya kuelekea kusini magharibi, tulikwenda na vifaa vyote kwenye Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya Ziwa Victoria. Mahali hapo panafaa kwa majaribio, kwa kuwa miti mirefu inafunga mwanga na kuna mbega weusi kwa weupe ambao wameshawazoea watu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo niliposhika vifaa hivi kwa mikono yangu. Lenzi ya 400 ina uzito wa gramu 2,950, na ikiwa na Z8 ya gramu 910 mkononi unabeba karibu kilo nne. Kwa dakika chache za mwanzo uzito huo hauumizi, kwa kuwa sehemu kubwa imesogezwa nyuma karibu na kamera na mkono wa kushoto hauvutwi mbele. Unapomlenga mbega aliye juu ya tawi, mita 25 au 30, mandhari ya nyuma yanayeyuka kuwa kijani laini, na unyoya mmoja mmoja wa vazi lake jeupe unaonekana kama umechorwa kwa sindano. Kitasa cha telekonveta kipo pale kidole kinapokaa chenyewe. Huondoi jicho, husikii mlio, mnyama anasogea tu kwenye fremu. Sijawahi kushika lenzi iliyonifurahisha hivyo, na sioni haya kusema.

Bodi ya Z8 nayo ilituvutia kwa sababu nyingine. Haina shata ya chuma kabisa. Kihisi chake cha tabaka husomwa kwa kasi kiasi kwamba shata ya kielektroniki peke yake inatosha, na ukizima sauti ya bandia, picha 20 za RAW (faili ghafi za kihisi) kwa sekunde zinapita kimya. Mzee, aliyezoea mlio wa kioo cha D750, alirudia mara kadhaa kuuliza kama kamera inapiga kweli.

Tulirudi Kampala akiwa ameshaamua moyoni kwamba 400 ndiyo lenzi ya kazi.

## Saa moja msituni

Bwindi ni hifadhi ya kilomita za mraba zipatazo 330, kati ya mita 1,160 na 2,607 juu ya usawa wa bahari, na iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Kwa mpiga picha, maana ya takwimu hizo ni miteremko mikali, matope, na kichaka kinachoshika kila kitu kinachoning'inia. Kikundi cha wageni hakizidi wanane, na mkishawafikia gorila mnapewa saa moja. Kwa mgeni anayetoka nje ya Afrika na asiye mkazi wa Afrika Mashariki, kibali kilikuwa dola 800 mwaka 2024, jambo linalofanya wageni wengine katika kikundi wasiwe na subira na mtu anayewazibia kwa lenzi kubwa. Ruhusa ya kupiga picha za biashara ilikuwa imeshughulikiwa na mteja na Mamlaka ya Wanyamapori mapema.

Wakati wa kupanda, mpagazi alibeba begi. Jambo ambalo maandalizi yetu hayakuligusa ni kwamba wapagazi, mabegi na fimbo hubaki nyuma kabla ya kuwafikia wanyama. Stendi ya mguu mmoja, ambayo ndiyo ingebeba uzito wa 400, ilisimamishwa hapo.

"Hiyo fimbo ibaki hapa, mzee," akasema askari.

"Afande, hii si fimbo, ni mguu wa kamera."

"Ibaki."

Ikabaki. Akaingia na bodi mbili shingoni na begani, moja ikiwa na 400 na nyingine 70 hadi 200, pamoja na kadi na betri za akiba mfukoni.

Data za faili zinaonyesha kwamba robo saa ya kwanza yote aliitumia kwa 400. Dume mwenye mgongo wa fedha alikuwa ameketi akila majani, umbali wa kama mita kumi, kwenye mwanga uliohitaji f/2.8, kasi ya 1/250 ya sekunde na ISO 6400. Picha hizo ni za uso: macho makali, mikunjo ya pua inayoonekana, ila masikio tayari yamepoteza ukali, kwa kuwa milimita 400 kwa f/2.8 katika umbali huo ina kina cha fokasi (eneo linalotoka kali mbele na nyuma) cha sentimita 10 hivi. Kisha jike mwenye mtoto mgongoni akapita kati yake na dume. Katika faili za dakika hiyo kuna mkono, kuna nusu ya mgongo, kuna jani lililojaa fremu nzima. Tukio lenyewe halimo.

Alihamia kwenye 70 hadi 200, na hapo ndipo data zinapoeleza jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameligundua. Ingawa lenzi zote mbili zilikuwa kwenye f/2.8 na mwanga ulikuwa ule ule, ISO ilipanda kutoka 6400 hadi 16000. Sababu ni kasi ya shata, aliyoipandisha kutoka 1/250 hadi 1/640. Nilipomuuliza kwa nini, alieleza kwamba ile 400 ilikuwa inaning'inia begani na kumgonga nyonga kila aliposogea kwenye mteremko, kwa hiyo mkono wa kushoto uliishika isiyumbe na kamera nyingine akaipiga kwa mkono wa kulia peke yake. Picha za kwanza zilitoka zimetikisika, akaongeza kasi. Yaani uzito wa lenzi aliyoichukua kwa ajili ya mwanga ulimlazimisha kupoteza hatua moja na theluthi ya mwanga kwenye lenzi aliyokuwa anaitumia.

Kulikuwa na matatizo mengine madogo. Barakoa, ambayo wageni huvaa ili wasiwaambukize gorila magonjwa, ilisukuma pumzi juu na kufunika kioo cha kutazamia kwa ukungu. Aliipata nafuu alipobana waya wa pua vizuri na kushusha kitambaa kidogo kwenye kidevu. Manyoya meusi yalidanganya kipimo cha mwanga, kamera ikataka kuyafanya ya kijivu na kuunguza majani yaliyopigwa na jua nyuma, mpaka akashusha mwanga kwa hatua moja nzima. Fokasi ya kutambua wanyama nayo haikuwa ya kutegemewa. Orodha ya Nikon inataja watu, mbwa, paka, ndege na vyombo vya usafiri. Gorila hayumo, na kamera ilichagua majani ya mbele mara kwa mara. Aliacha utambuzi huo na kurudi kwenye nukta moja, kama alivyokuwa akifanya kwenye D750 miaka yote.

Mara moja kamera ilisita. Alikuwa ameiweka iandike kila faili kwenye kadi zote mbili, CFexpress ya kasi na SD ya polepole, ili asipoteze kazi. Katika hali hiyo kasi yote hufuata kadi iliyo ya polepole. Dume alipoinuka na kupiga kifua, picha kumi na kitu za mwanzo zilipatikana na zilizobaki zikapungua kasi. Uamuzi wa kuandika mara mbili bado nauona kuwa sahihi kwa kazi ya saa moja isiyorudiwa. Afadhali kusita kuliko kurudi Kampala na kadi moja iliyoharibika.

## Mabamba

Kinamasi cha Mabamba kiko magharibi ya Entebbe na kimo katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu mwaka 2006. Unaingia kwa mtumbwi, kupitia mifereji myembamba kati ya mafunjo, na sehemu nyingine unasukumwa kwa mti kwa sababu maji hayatoshi. Baada ya Bwindi, Mzee aliiacha 400 kwenye gari bila kushauriwa na mtu. Tuliingia na Z8 moja yenye lenzi ya 600, na nyingine yenye 70 hadi 200 kwa mandhari.

Tulianza vibaya. Vifaa vilikuwa vimelala kwenye chumba chenye kiyoyozi, na begi lilipofunguliwa ukingoni mwa maji, kioo cha mbele cha lenzi na kile cha kutazamia vilifunikwa na ukungu papo hapo. Kufuta hakusaidii, maana ukungu hurudi mpaka kioo kipate joto la nje. Mwanga mzuri wa mwanzo ulipita tukiwa tunatazama lenzi ikikauka. Dawa yake ni kuliacha begi limefungwa mahali penye joto la kawaida kwa muda kabla ya kazi, au kutolaza vifaa kwenye baridi kabisa.

Ndege alipatikana umbali wa mita 30 hivi. Ana kimo cha sentimita 110 hadi 140, na katika umbali huo lenzi ya 600 ikisimamishwa wima inaona mita 1.8 kwa kimo. Akajaa fremu akiwa na nafasi ya kupumua juu na chini, utadhani mtu alipima. Lenzi yenyewe ina gramu 1,470 pamoja na pete ya stendi, nusu kabisa ya ile 400, na hapa wepesi huo ulikuwa na kazi yake. Korongo domo-kiatu akiwinda husimama bila kutikisika kwa muda ambao mkono wa binadamu hauwezi kuufuata na kilo nne. Stendi ya miguu mitatu ndani ya mtumbwi haina maana, kwa kuwa kila anayejisogeza anaitikisa. Mzee alipiga magoti, kiwiko juu ya paja, akawa anaishusha na kuipandisha lenzi bila kuchoka.

Fokasi ya ndege, iliyoongezwa kwenye Z8 kwa toleo la programu la Februari 2024, ilishika jicho na kubaki hapo hata mafunjo yalipopita mbele. Nilishangaa kidogo, baada ya yale niliyoyasoma kwenye faili za Bwindi.

Uamuzi mgumu ulikuwa mmoja. Z8 inaweza kuhifadhi picha za muda mfupi kabla hujabonyeza shata mpaka mwisho, lakini kwa JPEG tu (faili iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa na kamera), si RAW. Kwa picha ya ukutani Mzee alitaka RAW. Nilimshauri achukue JPEG kwa tukio la kuwinda na RAW kwa picha za kusimama, kwa sababu ndege huyu hakuonyi. Anaanguka mbele na mwili mzima, mabawa wazi, na wakati ubongo wako unaamuru kidole, domo limeshaingia majini. Alikubali shingo upande. Ndege alipojitupa na kuinuka na kamongo pamoja na fundo la majani ya majini, fremu za mwanzo wa anguko zilipatikana kwa njia hiyo tu.

Kuanzia saa nne asubuhi hewa juu ya maji ilianza kuchemka, na kila picha ya mbali ikapoteza ukali. Hapo hakuna lenzi inayosaidia kwa bei yoyote ile, tukarudi ufukweni.

## Matokeo

Mteja alipokea kazi na kulipa. Jalada la kijitabu ni picha ya 70 hadi 200: jike na mtoto wake, mwili mzima, majani yakiwazunguka. Karibu picha zote za gorila zilizochaguliwa zilitoka kwenye lenzi hiyo, pamoja na ISO yake ya 16000, ambayo baada ya kusafishwa kwa programu haikumsumbua mteja hata kidogo. Anguko la korongo, ile JPEG aliyoikataa mwanzoni, limetundikwa ukutani kwa upana wa mita moja.

Ila picha iliyopendwa kuliko zote ni uso wa dume, uliopigwa kwa 400.

## Uchambuzi

Picha hiyo moja inanizuia kusema kwamba 400 haikufaa. Ingepigwa kwa milimita 200 na kukatwa hadi ukubwa ule ule wa uso, ingebaki robo ya pikseli, yaani megapikseli 11 na ushei, na kwa pikseli 200 kwa inchi upana wake usingevuka sentimita 53. Urefu wa milimita 400 ulihitajika kwa kazi hiyo. Ninachokitilia shaka ni ule uwazi wa f/2.8. Nikkor Z ya milimita 400 f/4.5 ina gramu 1,245 pamoja na pete, na bei yake ya kuzinduliwa ilikuwa chini ya robo ya ile kubwa. Ingepoteza hatua moja na theluthi ya mwanga, ISO ikafika 16000, kiwango kile kile ambacho uzito wa lenzi kubwa ulikuwa umemfikisha. Kina cha fokasi kingekuwa sentimita 17 badala ya 10, na masikio ya dume pengine yangekuwa makali. Mzee hakubaliani nami hapa. Anasema ulaini wa masikio ndio unaoyafanya macho yakutazame. Nimeitazama picha tena, na siwezi kumwambia amekosea.

Kilichopotosha maamuzi, kwa maoni yangu, ni jaribio la Entebbe. Lilifanywa kwa uangalifu, mwanga ulifanana na wa msituni, mnyama alikuwa mweusi kwa mweupe kwenye kivuli, kila kitu kilionekana sawa. Tofauti ilikuwa umbali na ardhi. Mbega alikuwa mita 25 juu ya mti na sisi tulikuwa tumesimama kwenye nyasi tambarare, begi chini, mikono yote miwili huru. Katika hali hiyo 400 haina mshindani, na furaha ya kuishika ikafuta kabisa ile hesabu ya sentimita 90 kwa 60 aliyokuwa ameiandika pembeni. Jaribio linalofaa kwa Bwindi lingekuwa kumweka kijana wa studio mita nane au kumi mbele yako, juu ya mteremko wowote wa Kampala, nawe ukiwa na kamera zote mbili mwilini bila mahali pa kuziweka. Ni jaribio lisilo na raha, na ndani ya dakika kumi lingemweleza yale aliyoyajua msituni kwa gharama ya robo saa kati ya saa moja.

Kubeba bodi mbili kulifanya kazi kuliko uamuzi mwingine wowote. Kubadilisha lenzi ndani ya Bwindi kwenye unyevu na majani yanayodondosha maji ni kukaribisha matone kwenye kihisi, na data zinaonyesha kwamba kutoka picha ya mwisho ya 400 hadi ya kwanza ya 70 hadi 200 zilipita sekunde chache tu. Lakini faida ya bodi mbili inategemea namna zinavyobebwa. Kamba moja ya shingo na moja ya begani haikutosha. Mkanda wa mabega mawili wenye ndoano za kufunga, ambao bei yake ni ndogo sana mbele ya vitu hivi, ungeshika lenzi isiyotumika karibu na mwili na kumrudishia mkono wake wa kushoto.

Kuhusu kanuni za eneo, lawama si ya askari. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka wageni Bwindi angetuambia kwamba fimbo na mabegi hubaki nyuma, na mpango uliotegemea stendi ya mguu mmoja ulikuwa umejengwa juu ya ruhusa ambayo haikuwa imeombwa. Siku hizi Mzee huuliza kwa simu kabla ya kukodi chochote: tutasimama umbali gani, naruhusiwa kuingia na nini, na nani atabeba.

Utambuzi wa fokasi unastahili neno, kwa sababu ndio unaouza kamera hizi. Mabamba ulifanya kazi ambayo D750 isingeweza. Bwindi ulimpunguzia kasi. Kamera ni ile ile. Tofauti ni kwamba ndege wamo kwenye orodha iliyofundishwa na gorila hawamo. Ukinunua kwa ajili ya utambuzi huo, isome orodha kwanza.

Mwishowe Mzee alinunua bodi moja ya Z8, lenzi ya 600 f/6.3, na adapta ya FTZ II ili lenzi yake ya zamani ya 70 hadi 200 ifanye kazi kwenye kamera mpya. Alikuwa amelinganisha lenzi ya zamani na ile ya kukodi, na tofauti aliyoiona ilikuwa pembezoni mwa fremu, mahali ambapo msituni kuna majani yasiyo na ukali hata hivyo. Mkanda wa mabega mawili umeshanunuliwa. Ninachoendelea kubishana naye ni bodi ya pili. Anataka kuitumia D750 kando ya Z8 katika kazi ijayo ya sokwe huko Kibale, msitu wa magharibi mwa Uganda, nami naona kioo chake kitapiga kelele mahali ambapo mwenzake ananyamaza, na betri zake zenyewe, za EN-EL15 za zamani, haziwezi kuchajiwa kwa USB ndani ya kamera. Kwenye hoteli inayowasha umeme kwa saa chache usiku, hilo peke yake ni sababu ya kukodi bodi ya pili ya Z8 kwa safari hiyo. Amesema atafikiria.